Naomba ushauri: risala ya mahafali form six, niweke kumbukumbu zetu au nifuate ile ya kawaida?

Shikamooni wakubwa, wengine mambo vipi. Niko form six HGL (History, Geography na English) hapa Moshi, mtihani wa taifa wa NECTA ni mwezi wa 5 na mahafali yamekaribia, darasa limenichagua niandike risala ya wahitimu. Mwalimu anataka ile ya siku zote, shukrani kwa mgeni rasmi, changamoto za maji na mabweni, basi. Wenzangu wanataka maisha yetu yenyewe, baridi ya mwezi wa 7 tulivyoripoti form five mlima hata hauonekani kwa mawingu, makande, prepo (kujisomea usiku) umeme umekatika watu wanadiskasi kwa tochi, na kubwa zaidi mwenzetu aliyefiwa na mama yake katikati ya muhula tukachangishana nauli usiku uleule, watu wanatoa mpaka hela ya sabuni, akawahi mazishi Singida. Hilo kwangu ndo darasa letu lilivyo. Ila siku ya mahafali mwenzetu huyo atakuwa amekaa palepale na baba yake, naogopa kumtonesha kidonda mbele za watu. Nimuulize kwanza au nilitaje bila jina? Na mwalimu nimwambieje akubali? Baada ya hapo ni JKT (Jeshi la Kujenga Taifa) na kila mtu kwao, nisaidieni jamani.