Ungo juu ya bati au bando kwenye simu? Wa Unguja na Pemba tupeane uzoefu

Mchake (muanzisha mada)
Asalaam alaykum jamani. Kaka'angu yuko Kiembesamaki, tangu wavutiwe intaneti ya faiba kila akinipigia simu wimbo ni huo huo, uza huo ungo wa tivii, nunua kiboksi cha android utizame kwa intaneti, dishi mambo ya kizamani. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, mie huku Chake Chake, Pemba, ikifika saa moja usiku nikifungua YouTube kile kiduara kinazunguka mpaka nakwenda kusali Isha narudi bado kipo. Lakini na ungo nao kifurushi kikimalizika siku mbili kabla ya mechi kubwa ndo mtihani mwengine. Sasa nataka kusikia kutoka kwenu wenyewe. Sitaki kujua kipi bora duniani, nambie unakaa wapi, unatizamia nini, mvua ikinyesha inakuwaje na mfuko unasemaje. Wenye matangazo ya biashara tafadhali pitieni kando.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Waalaykum salaam. Kupanda mapaa ndo kazi yangu tangu sijaoa, kwa hiyo niusemee ungo kidogo. Kwanza haumjui wa mjini wala wa shamba, setilaiti ikimwaga mawimbi inamwaga visiwa vyote sawa, wa Makangale anapata picha ile ile ya wa Shangani, na watizame watu kumi au laki haipungui kitu. Intaneti siyo hivo, kila anaefungua anapelekewa nakala yake peke yake, ndo maana mnara mmoja wa kijiji ikifika usiku mkiwa wote juu yake unaishiwa pumzi.

Kasoro ya dishi mvua. Hizi ungo ndogo zinatumia masafa ya juu yanayoitwa Ku na matone ya mvua yanayanyonya, masika wingu likiwa zito mnaona wenyewe, picha inakatika vipande vipande, sauti inakwaruza, mara hakuna signo. Wenye yale madishi makubwa ya masafa ya C, ya chini zaidi, mvua haiwasumbui sana.

Ila nyingi ninazoitiwa mie wala si mvua. Pwani ni chumvi, nenda Nungwi au Jambiani ufungue kile kichwa cha mbele cha dishi, pale waya unapoingia utakuta kumekuwa unga wa kijani, ukigusa tu kinabaki mkononi. Shamba ni miti. Mama mmoja Bububu kashanunua king'amuzi chengine anasema vyote vibovu, napanda juu nakuta mwembe umetoa tawi mbele ya ungo, maana dishi la Azam TV huku kwetu linatizama magharibi, siyo kama la DStv linalotizama karibu na utosi. Tumekata tawi picha ikarudi, embe mbichi tukazila palepale kwa pilipili na chumvi.

Mwalimu Micheweni
La mnara kasema kweli fundi. Mie ndani ya nyumba simu inasoma H, yaani neti ya 3G, nikitoka nje nikisimama chini ya mkarafuu inasoma 4G, basi hapo ndo ukumbi wangu, kiti kipo siku zote na mbu nao wapo. Halafu fanyeni hesabu ya GB, picha nzuri ya HD saa moja inakula mpaka GB 3, mpira dakika 90 na mapumziko yake na maneno ya wachambuzi malizia mwenyewe. Mie naweka picha ya chini, 360, mchezaji humjui kwa sura unamjua kwa mwendo 😂. Linaloniokoa bando la usiku, nadaunlodi kabla ya Alfajiri, masomo ya wanafunzi, mawaidha, chochote, jioni natizama bila data. Lakini mpira haudaunlodiwi, hapo sina la kusema.

Kijana wa Paje
Huku neti ipo kisawasawa kwa ajili ya wageni, natizama kwenye simu raha mustarehe. Tatizo ni kuchelewa. Nyuma ya nyumba kuna banda la mpira lina dishi, mie bado namuona beki anarusha mpira, nasikia bandani GOOOO na viti vinaanguka. Kila goli najua kabla sijaliona. Sasa mechi kubwa nazima simu nakwenda bandani nalipa kiingilio changu.

Mtoto wa Mkoani
Afadhali weye, mie mdogo wangu yuko Dar ananiandikia WhatsApp "kakosa" na penalti kwangu haijapigwa.

Fundi wa Mwanakwerekwe
Hiyo ya kuchelewa haina dawa. Video ya intaneti inakatwa vipande, simu inajiwekea akiba ya vipande kadhaa mwanzo ndo inaanza kukuonesha, kwa hiyo unabaki nyuma nusu dakika au zaidi. Ukilazimisha isiweke akiba ndo inaganda kila mara.

Bi Mkubwa Jang'ombe
Wanangu mnazungumza mpira tu, hii nyumba inakaa na wanawake pia. Tivii ni moja, ukumbini. Saa ya tamthilia yangu ya Kituruki ile iliyotiwa Kiswahili ikifika natia udi nakaa, na jirani zangu wanakuja na kahawa yao. Mjukuu kaniondolea ungo kanifungia ya intaneti, anatumia hotspoti ya simu yake. Basi yeye akitoka jioni na neti imetoka nae! Nabaki natizama sura yangu kwenye kioo. Na walio ndani kila mmoja kajifungia na simu yake chumbani, hata salamu hakuna. Ramadhani ilipoingia, tarawehe ya Makka nikatizama peke yangu kwenye kisimu kidogo hivi, miwani juu ya miwani. Nimemwambia arudishe ungo wangu juu, na karudisha.

Mwete mkongwe
Bi Mkubwa nakuunga mkono. Watu wepesi kusahau, Mei 2024 nyaya za chini ya bahari EASSy na SEACOM zilipokatika nchi nzima neti ikawa ya kubahatisha, picha moja ya WhatsApp inapakia mpaka unakata tamaa, mie nimekaa kwenye dishi langu natizama taarifa ya habari ya kukatika neti. Umeme lakini hauchagui, ukienda tivii imekufa na rauta imekufa. Unguja walikaa kiza tangu Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na siye Pemba waya wa kutoka Tanga tumeupata huo huo mwaka 2010, kabla yake ni majenereta ya Wesha na mgao wake. Na vijana msidhani kisiwa hichi kilikuwa nyuma, tivii ya rangi siye tunayo tangu miaka ya 1970, Bara walianza kuona tivii yao miaka ya 1990.

Mvuvi Kojani
Kwetu sola. Tivii ya volti 12 na king'amuzi cha volti 12 betri moja, tunachangia kifurushi watu wa baraza nzima. Hiyo faiba nambieni ikifika.

Mchake (muanzisha mada)
Ahsanteni sana, uzi nshampelekea kaka, kasoma kanyamaza. Ungo siuzi. Mpira na tarawehe vinabaki juu ya bati, simu nitafanya kama mwalimu, kudaunlodi usiku. Fundi suali moja, upande wa magharibi jirani ana mnazi na unazidi kwenda juu, na mnazi wa mtu sikati. Nifanyeje?

Fundi wa Mwanakwerekwe
Usimguse mtu mnazi wake. Dishi lako linatizama magharibi kaskazini kidogo, na limenyanyuka zaidi ya nusu ya kutoka upeoni kwenda utosini. Kadiria mnazi umepita dishi kwa urefu gani, halafu pima kutoka dishi mpaka kwenye shina. Ikiwa umbali unazidi huo urefu hauzibi kitu, ukiwa karibu zaidi sogeza ungo ncha ya mashariki ya paa. Mafundi wazuri Chake wapo, usisubiri boti kwa ajili yangu, na mwambie atie grisi kwenye kiungo cha waya kabla hajafunga.