Naomba ushauri: Moshi Disemba na watoto bila presha

Wakuu habari zenu. Kila Disemba natoka Dar kwenda Moshi na mama watoto na watoto wawili, yaani ikishafika tarehe 20 stendi ni vurugu tupu, mwaka jana tulipanda alfajiri tukafika usiku, foleni Chalinze, mdogo katapika mpaka Korogwe, mi na mwenzangu tunanuniana kisa begi (hata halikuwa letu 😅). Likizo yenyewe siku 7, mbili zinaishia kutuliza kichwa tu. Nilitaka nisepe mapema ila bosi ruhusa anatoa tarehe 21, sasa wenye watoto mnafanyaje? Basi la usiku ni nafuu? Na wa miaka 4 anayetapika mnampa nini kabla ya safari?