Kaburi la Cleopatra liko wapi?

Chumvi_Kidogo: Wakuu, hivi mtu maarufu kama Cleopatra, malkia wa Misri ya kale, inakuwaje kaburi lake halijulikani wakati Tutankhamun, farao aliyekufa kijana mdogo, tumeona mpaka ndala zake??

MzeeWaKahawa: Mkuu Tutankhamun alizikwa bondeni jangwani, huyu mama alifia Alexandria mjini kabisa, mwaka 30 KK akiwa na miaka 39, Octavian, Mrumi aliyemshinda vitani, akaruhusu azikwe na mpenzi wake Antony, jemadari wa Kirumi. Baadaye matetemeko, tsunami ya mwaka 365 BK, mtaa wa ikulu ukazama, leo wazamiaji wanakuta masanamu yamelala kwenye tope la bahari.

dadaTatu: Kuna mama wa Jamhuri ya Dominika, Kathleen Martínez, amekomaa kulitafuta kaburi kwenye hekalu la Taposiris Magna, magharibi mwa Alexandria, tangu 2005, na 2022 wakatangaza handaki la mita 1,305 limechongwa kwenye mwamba. Sarafu zenye sura ya Cleopatra pia zimepatikana. Ila sarafu sio kaburi jamani, mimi nina noti ya Nyerere mfukoni na hajazikwa kwangu

Chumvi_Kidogo: 😂😂 na yule nyoka wanayesema alimuua je?

MzeeWaKahawa: Plutarch mwenyewe, mwandishi wa Kigiriki aliyeandika habari za kifo chake zaidi ya miaka 100 baadaye, kasema ukweli hakuna aujuaye.