Zelensky aliwapata Wazungu, sisi Waafrika alitukosa wapi?

Mtu wa Mbagala: Wakuu, nauliza kwa nia njema. Machi 2022, Urusi ikiwa imeivamia Ukraine, rais wa Ukraine Zelensky alihutubia Bunge la Uingereza, akawanukulia Churchill wao, wakasimama kumshangilia. Wiki iliyofuata Wamarekani akawakumbusha Pearl Harbor na Septemba 11. Wajerumani akawapelekea habari za ukuta, kama ule wao wa Berlin. Kila nyumba aliingia kwa mlango wake. Juni akaongea na Umoja wa Afrika kwa video, marais waliojitokeza wa kuhesabu kwa vidole. Alikosea yeye au wagumu ni sisi?

Mwana wa Mtwapa: Hotuba iliyotugusa juu ya vita hii hakuitoa yeye, aliitoa balozi wetu wa Kenya Martin Kimani kwenye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, siku tatu kabla mabomu hayajaanza. Kwamba mipaka yetu ilichorwa London, Paris na Lisbon, na tukaamua kukaa nayo hivyo hivyo ili tusichinjane. Kyiv wangeishika hiyo wakaizungusha Afrika nzima! Na Machi 2 kura ya kulaani uvamizi wa Urusi ilipopigwa Umoja wa Mataifa, Kenya ilisimama ikaunga mkono. Wenzetu wa Dar sijui walikuwa msalani.

Chaurembo: Msalani? Chunga ulimi, kijana. Tanzania ilikuwa ukumbini, ikakataa kuchagua upande, pamoja na nchi nyingine 34. Uganda, Burundi, Afrika Kusini na India zimo. Sisi tuna historia. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walifundishiwa kwetu Nachingwea, na silaha za Mrusi na Mchina zilipitia kwetu. Nyie mpaka leo Mwingereza anafanya mazoezi ya kijeshi Nanyuki halafu mnatufundisha msimamo.

Mwana wa Mtwapa: Huyo "Mrusi" unayemsema alikuwa Muungano wa Kisovyeti, na Ukraine ilikuwa ndani yake. Vijana wetu wangapi walisomea Kyiv? Kama ni deni, tunadaiwa na nani hapo?

Chaurembo: Sijasikia ukiomba radhi kwa msalani.

Dada Rehema: Mnabishana kura, mimi mdogo wangu alikuwa Kharkiv, anasomea udaktari. Kituo cha treni mtu mwenye sare akamwambia akae pembeni, wenyeji kwanza. Kufika mpaka wa Poland, Waafrika na Wahindi wamewekewa foleni yao na haisogei. Alinitumia ujumbe wa sauti, meno yanagongana kwa baridi, nikaambulia jina la mama tu. Baadaye Kuleba, waziri wao wa mambo ya nje wakati huo, alitangaza namba ya simu ya dharura kwa wanafunzi wa Afrika na Asia. Ahsante, lakini video tulishaziona.

Mkulima wa Kitale: Pole dada. Ila mimi hotuba za pande zote hazinihusu. Mwaka ule mfuko wa kilo 50 wa mbolea ulivuka shilingi 6,000. 2023 Mrusi akaleta tani 34,000 Mombasa bila kutudai senti. Huyo nimemsikia bila mkalimani.

Mtu wa Mbagala: Mbolea ndiyo hotuba yenyewe, mkuu! Lavrov, waziri wa mambo ya nje wa Mrusi, alishapita Kampala Julai 2022. Kuleba akaja Oktoba, akaanzia Senegal, makombora yakapiga Kyiv tarehe 10, ikabidi akatishe ziara. Ukraine nayo ina mpango wake wa kugawa nafaka...

Mkulima wa Kitale: Nafaka nauza mimi. Wakigawa ya bure, yangu nani atanunua?

Fundi Mchundo: Turudi kwa Chaurembo na historia yake. Aprili 1968 Tanzania iliitambua Biafra, jimbo lililojitenga na Nigeria. Mipaka ya Nigeria haikuwa mipaka? Na Biafra ndio walimu wa kazi hii tunayoijadili, ya kuwagusa watu wa mbali. Walikodi kampuni ya uenezi ya Markpress kule Geneva, habari za watoto wenye utapiamlo zikajaa magazeti ya Ulaya, watu wakaandamana London. Mwalimu naye alinaswa na hizo picha.

Mwana wa Mtwapa: Hahaa! Kumbe upande mnaujua kuuchagua.

Chaurembo: Fundi, unamgusa Mwalimu bila kunawa mikono. Picha zilizowaliza Waingereza zilitoka Juni. Juni baada ya Aprili au kabla? Mwalimu alitazama Waibo, wenyeji wa Biafra, walivyouawa kaskazini mwa Nigeria mwaka 1966, akasema hao hawawezi kulazimishwa kukaa humo. Zambia, Gabon na Ivory Coast zikafuata.

Fundi Mchundo: Basi ndio mbaya zaidi. Hakunaswa na picha, alivunja mipaka akiwa na akili zake timamu.

Dada Rehema: Mada ilikuwa Ukraine jamani.

Chaurembo: Dada subiri kidogo. Fundi, hilo neno njoo ulirudie Butiama, nyumbani kwa Mwalimu, nauli nakulipia mimi. Ya kwenda tu.