Kikundi cha familia: Deo na suali lake

Kikundi: FAMILIA WETI – MBWENI
Jumanne jioni

Deo: Shikamooni wakubwa. Nina suali, musinicheke. Mtu akitaka kuujua Ukristo aanzie wapi? Mtu mwenyewe ni mie.

Shangazi Tekla: Marahabaa! Ngoja nikae kitako. Isiwe kuna msichana hapo Paje.

Deo: Hakuna msichana shangazi. Ule msiba wa baba, wale watu wa jumuiya walivokuwa wanakuja kusali nyumbani Weti kila jioni. Tangu hapo nawaza tu.

Mjomba Kolumba: Njoo kwetu Waanglikana, Mkunazini, mwanangu. Pale palikuwa soko la watumwa, likafungwa 1873, Askofu Steere akajenga kanisa papo hapo. Wazee husema altare imesimama ulipokuwa mti wa kuchapia watu. Na Steere huyo huyo ndiye aliyefasiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha hapa hapa Unguja, halafu

Shangazi Tekla: Shemeji! Mtoto kauliza aanze vipi, weye ushampeleka 1873.

Mjomba Kolumba: 😂 Haya, nanyamaza.

Festo: Kwanza Deo alibatizwa au hakubatizwa? Mie nilibatizwa, yeye sikumbuki.

Mama: Hakubatizwa. Ulipozaliwa wewe baba yenu alikubali, Deo alipozaliwa akasema huyu akikua ataamua mwenyewe. Tukagombana wiki nzima.

Shangazi Tekla: Basi kazi imepungua, maana aliyebatizwa habatizwi tena, ingebidi tukafukue madaftari ya parokia. Deo, kwetu Wakatoliki, Minara Miwili, unamuona katekista, yaani mwalimu wa dini, unaandikwa, unahudhuria mafundisho. Huchukua mwaka hivi, pengine na zaidi. Watu wazima wengi hubatizwa mkesha wa Pasaka, na usiku huo huo wakapewa kipaimara, yaani kutiwa mafuta matakatifu, na komunyo, ule mkate wa ibada.

Deo: Mwaka mzima? Na nikiona kati kati siwezi?

Shangazi Tekla: Unasema. Mkatekumeni, yaani anayefundishwa kabla ya ubatizo, yuko huru mpaka dakika ya mwisho, ndo maana muda ukawa mrefu. Anayekuharakisha umuogope, hata akiwa na joho.

Mama: Bibi yupo hapa, kanambia niandike: "Asibatizwe kwa kumuogopa mtu wala kwa kumpenda mtu. Asome kwanza."

Deo: Nilianza kusoma Bibi. Nilianza Mwanzo, nikakwama Walawi.

Mjomba Kolumba: Walawi hata mashemasi husinzia. Anza Injili ya Marko, sura 16 tu, fupi kuliko zote nne. Kisha Luka, kisha Matendo ya Mitume. Walawi itakungoja.

Deo: Biblia ipi? Dukani nimeona namna namna.

Festo: Chukua Habari Njema, Kiswahili chake chepesi. Ile Union ya 1952 utaisikia ikisomwa makanisani, tamu lakini nzito.

Shangazi Tekla: Na uangalie iwe na vitabu 73. Za wenzetu zina 66.

Mjomba Kolumba: Shemeji ushaanza.

Shangazi Tekla: Nataja hesabu tu! Injili ni zile zile nne.

Deo: Na humo kanisani nitafanyaje, sijui lini watu wanasimama.

Festo: Kaa nyuma, mfate aliye mbele yako. Wakati wa komunyo baki kitini, hiyo ni ya waliobatizwa, wala hakuna atakayekukodolea macho. Sadaka si kiingilio.

Mjomba Kolumba: Na tiketi ya Mkunazini ni ya watalii. Usije ukalipa kuja ibadani!

Deo: Shida Jumapili nyingi nipo zamu hotelini.

Shangazi Tekla: Misa ya Jumamosi jioni huhesabiwa ya Jumapili, uliza parokiani kama ipo. Na hapo jikoni kwenu watu wa bara wamejaa, hawakosi pahala wanaposali pamoja.

Zuwena: Shemeji, mie Muislamu nina langu moja. Nabii Isa kwetu si mgeni, hayo tutazungumza mpaka kuche. Ila mwenye nyumba uliyopanga mwambie mwenyewe, asije akayasikia barazani. Na Ramadhani futari yangu unakuja kama kawaida.

Deo: Futari yako siiachi kwa dini yoyote 😂 Mama, na kusali?

Mama: Baba Yetu, Mathayo 6 kuanzia mstari wa 9. Ukimaliza sema na Mungu kama unavosema na mimi, bila ya kuomba vocha.

Alkhamisi usiku

Deo: Nimefika Marko 5. Jamani, Yesu kamtoa mtu pepo, pepo wakaingia nguruwe kama elfu mbili, wametumbukia ziwani! Mwenye mali alilipwa na nani?

Zuwena: Nguruwe elfu mbili? Hapo mie natoka 🤣

Mjomba Kolumba: Na watu wa mji ule wakamuomba Yesu aondoke kwao. Umeona mstari wa 17?

Deo: Nimeuona. Hata mie ningemuomba, mifugo yote ile. Lakini yule aliyeponywa yeye akataka kumfata, akaambiwa arudi nyumbani kwao. Kwa nini amkatalie?

Shangazi Tekla: Hilo kaliandike kwenye daftari, umuulize katekista Jumamosi. Nishampigia, anakungoja saa kumi.