Tupeane uzoefu: kuitunza lugha ya nyumbani pale sera ilipoishia

Mwanzisha mada

Wadau, humu kuna walimu, wahariri, wakusanya msamiati na wanaorekodi wazee, wa Tanzania na wa Kenya. Tuwekeane mbinu: kazi inaanzaje, inahitaji nini, na huharibikia wapi. Visa vya nyumbani kwetu tuviache kwa leo. Anayetaka kuanza kesho anahitaji hatua.

Naanza na sera ya Tanzania, kwa sababu wengi hudhani lugha za jamii zimepigwa marufuku. Hazijapigwa. Sera ya Utamaduni ya mwaka 1997 inahimiza watu binafsi na mashirika kuzitafiti, kuziandika na kuzihifadhi, pamoja na kutunga kamusi na vitabu vya sarufi. Kilichokosekana ni chombo cha kuifanya kazi hiyo. Kiswahili kina baraza lake la taifa, BAKITA, tangu 1967, na Zanzibar ina lake, BAKIZA. Lugha za jamii, zaidi ya 120, hazina baraza wala kipindi darasani, na redio inayotaka kutangaza kwa lugha isiyo Kiswahili wala Kiingereza inahitaji kibali.

Kwa hiyo ruhusa ipo, bajeti haipo. Itumieni ruhusa. Barua kwa mtendaji wa kijiji au afisa utamaduni wa wilaya itaje sera hiyo kwa jina na mwaka katika aya ya kwanza. Ukiandika tu kwamba mnahifadhi "lugha ya kabila letu", utaulizwa maswali ya ukabila, na hofu hiyo ina historia yake katika nchi hii. Andika "ukusanyaji wa msamiati wa lugha ya jamii", taja lugha, vijiji, tarehe na majina ya wakusanyaji.

Halafu jihadharini na takwimu. Sensa ya Tanzania haijauliza kabila tangu 1967, kwa hiyo kila idadi ya wasemaji mnayoiona ni makadirio, pamoja na zile za atlasi ya mwaka 2009 ya mradi wa Lugha za Tanzania wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Badala ya kuhangaika na idadi, hesabuni kitu kimoja kijijini: kati ya watoto wa miaka mitano hadi saba, wangapi wanacheza wao kwa wao kwa lugha hiyo pasipo mtu mzima karibu? Hicho ndicho kipimo kinachosema ukweli.

Mwalimu wa madarasa ya chini, Kenya

Huku kwetu sheria imeenda mbele zaidi. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inalitaka taifa likuze na kulinda lugha za watu wa Kenya, pamoja na Lugha ya Ishara na Breli, na ibara ya 56 inazitaja lugha za makundi yaliyotengwa. Mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa 2019 unaipa lugha ya kiasili nafasi ya somo Gredi ya 1 hadi ya 3, na wazo la kufundishia kwa lugha ya eneo ni la zamani kuliko mtaala huo.

Mambo huharibika kwenye ratiba. Kipindi cha lugha ya kiasili ndicho cha kwanza kuazimwa na hesabu au Kiingereza, kwa sababu hakina mtihani wa kukifuatilia. Pili, mwalimu huletwa kutoka kaunti nyingine na hajui lugha ya hapo. Tatu, vitabu vipo kwa lugha zenye wasomaji wengi. Ndogo zinabaki na mtaala usio na kitabu.

Pale mwalimu asipoijua lugha, dawa ni kumwalika mzazi au mzee darasani, lakini asiachwe peke yake. Mwalimu abaki na kazi ya kusoma na kuandika, mgeni abebe hadithi, vitendawili na matamshi. Wakae pamoja dakika 20 siku iliyotangulia, wachague maneno kumi hivi, wayaandike kwa herufi walizokubaliana. Mgeni asipoandaliwa, kipindi kizima huwa hotuba kwa watoto waliokaa kimya.

Nyongeza kuhusu takwimu: sensa yetu huhesabu kabila, na watu hunukuu namba hizo kana kwamba ni wasemaji. Wayaaku wa Laikipia walihamia Kimaasai, Waelmolo wa Ziwa Turkana Kisamburu, na Wasuba wengi wa kando ya Ziwa Viktoria wanazungumza Dholuo. Kabila linaweza kuongezeka kwenye sensa huku lugha inaisha.

Mhariri wa vitabu

Nizungumzie tahajia, maana hapo ndipo vikundi vingi hugombana hadi kuvunjika.

Kosa kubwa ni kuchukua herufi za Kiswahili jinsi zilivyo na kuzivalisha lugha nyingine. Kiswahili kina irabu tano. Kisukuma kina saba, Gĩkũyũ saba, Kĩkamba saba. Ukiandika lugha ya irabu saba kwa herufi tano, maneno mawili tofauti yanakuwa na sura moja, na msomaji analazimika kukisia kila mstari. Mzee msemaji hodari atasoma kwa kusuasua, kisha atatangaza kwamba "lugha yetu haiandikiki". Inaandikika, ni herufi hazikutosha. Kuna lugha nyingine, Kihaya kwa mfano, ambazo urefu wa irabu hubadili maana, nako kuandika irabu moja mahali pa mbili kunaleta balaa hilo hilo.

Kwa kila sauti mnayoishuku, tafuteni jozi za maneno yanayotofautiana kwa sauti hiyo peke yake, angalau jozi kumi. Zikipatikana kwa urahisi, sauti hiyo inastahili herufi yake. Mkikesha mkatafuta mkapata moja, tena kwa ubishi, msiongeze herufi.

Toni, yaani kupanda na kushuka kwa sauti kunakobadili maana, ni habari nyingine. Lugha nyingi za Kibantu zina toni, na anayejifunza isimu hutamani kuweka alama juu ya kila silabi. Ukurasa unajaa vijiti, waandishi wanachoka, na baada ya miezi kila mtu anaweka alama zake. Wekeni alama pale tu toni inapotenganisha sarufi na muktadha haumsaidii msomaji, kwa mfano nafsi ya pili na ya tatu, au wakati mmoja na mwingine.

Kisha jaribuni. Chukueni aya ya mistari minane ambayo hakuna aliyewahi kuiona, wapeni wasomaji watano wa rika tofauti waisome kwa sauti, na mtu mmoja aweke alama kila wanaposita au kurudi nyuma. Wakisita wote mahali pamoja, tatizo ni la tahajia. Akisita mmoja, huyo anahitaji mazoezi tu.

Lahaja je? Msichanganye. Kichaga cha Rombo, cha Vunjo na cha Machame havitaungana kwa sababu kamati imepiga kura, na Kiluhya vilevile: Lubukusu si Lulogooli. Kitabu cha mchanganyiko hakisomwi na upande wowote. Andikeni lahaja moja vizuri, mseme kwenye jalada ni ya wapi, na mtumie herufi zilezile kwa sauti zilezile ili jirani aweze kuazima.

Wa kompyuta

Niongezee hapo kwa mhariri, kwa sababu tahajia nzuri hufia kwenye kibodi.

Herufi ĩ inaweza kuhifadhiwa kwa namna mbili: kama herufi moja kamili, au kama i ya kawaida ikifuatiwa na kiwimbi kinachokaa juu yake. Machoni ziko sawa kabisa. Kwa kompyuta ni vitu viwili, kwa hiyo ukitafuta neno kwenye kamusi yenye maingizo elfu tatu unaambiwa halipo, na orodha ya alfabeti inapanga neno moja sehemu mbili. Kubalianeni kibodi moja kwa wote tangu siku ya kwanza, na kabla ya kuunganisha kazi za watu mpitishe maandishi yote kwenye umbo moja la Unicode (mfumo wa kompyuta wa kuipa kila herufi namba yake), lile linaloitwa NFC.

Ritifaa ya ng' ina ugonjwa uleule. Simu moja inaweka ' iliyonyooka, programu ya kuandikia inaweka ’ iliyopinda, na zote mbili kompyuta huzihesabu kama alama za uakifishaji, kwa hiyo baadhi ya programu hukata neno katikati. Ipo alama ya tatu, yenye namba U+02BC katika Unicode, inayohesabiwa kuwa herufi. Ndiyo inayofaa kwa kamusi. Kwa ujumbe wa kawaida tumieni iliyonyooka, msisumbue watu.

Anayerekodi

Simu janja inatosha kuanzia, ila zima vitu viwili: mtandao (weka hali ya ndegeni) na uchujaji wa kelele. Uchujaji huo umetengenezwa kwa ajili ya maongezi ya simu, na huweza kula konsonanti hafifu na vidoko, zile sauti za kualisha ulimi. Kwa Kihadza cha Ziwa Eyasi au Kisandawe cha Dodoma hilo ni sawa na kurekodi nusu ya lugha.

Rekodi kwa WAV, hezi 48,000, biti 24, mkondo mmoja. Saa moja inachukua karibu MB 520, hivyo kadi ya GB 32 inabeba saa 60 hivi. MP3 hutupa sauti na haizirudishi. Na msitumiane rekodi za awali kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp, maana zinabanwa. Zitumwe kama hati.

Maikrofoni ikae sentimita 15 hadi 20 kutoka mdomoni, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Kilele cha sauti kicheze kati ya desibeli −12 na −6. Kikigusa sifuri sauti imepasuka na hakuna fundi wa kuitengeneza. Epuka bati wakati wa mvua, jenereta, na chumba kitupu chenye kuta za saruji. Chumba chenye kitanda, nguo na mapazia ni studio nzuri. Kabla mzee hajaanza, rekodi ukimya wa sekunde 30, uvae vipokea sauti, usikilize. Mngurumo wa friji ambao sikio limeuzoea utausikia hapo.

Ridhaa irekodiwe kwa lugha yenyewe, mwanzoni mwa faili: anajua inakwenda wapi, nani ataisikia, na kwamba anaweza kusema sehemu fulani ifutwe. Nyimbo za jando na unyago, mambo ya tambiko na migogoro ya mashamba, uliza mara mbili, hata kama mzee ameimba kwa hiari. Mara nyingi si zake peke yake.

Jina la faili libebe msimbo wa lugha wa herufi tatu, tarehe, mahali na namba: suk kwa Kisukuma, nyy kwa Kinyakyusa, hay kwa Kihaya, asa kwa Kipare, luo kwa Dholuo. "Babu mpya 2 final" haitamsaidia mtu yeyote. Nakala ziwe tatu, moja ikae nyumba nyingine kabisa.

Mkusanya msamiati

Usiwaulize watu "mnaitaje meza, kiti, dirisha". Utapata Kiswahili kilichogeuzwa. Kusanya kwa nyanja: kikundi cha watu wanne hadi sita, mada moja kama mvua, maradhi ya ng'ombe au hatua za kutengeneza pombe, na mwandishi mmoja anayeandika bila kukatisha. Ipo orodha ya nyanja takribani 1,800 iliyotayarishwa kwa kazi hii, na kwa kikundi kilichozoea, nyanja moja humalizika ndani ya nusu saa. Maneno yanavutana: mtu akitaja mvua ya manyunyu, mwenzake anakumbuka ya mawe.

Nomino iandikwe umoja na wingi pamoja na sentensi inayoonyesha upatanisho wa ngeli. Kitenzi kiandikwe kwa kitenzijina, wakati uliopita na kauli ya kutendea, kwa sababu katika lugha nyingi za Kibantu konsonanti ya mwisho wa mzizi hubadilika katika maumbo fulani, na huwezi kukisia umbo moja kutoka kwa jingine. Kidahizo, yaani ingizo la kamusi, kisicho na sentensi ya msemaji kirudishwe.

Mwalimu wa shule ya awali

Yote hayo ni mazuri, lakini kamusi haizai msemaji. Nyumba nyingi za mjini hutumia lugha ya nyumbani kwa amri na kugomba tu: lete, acha, toka, kaa. Mtoto anaelewa amri na hana kitenzi cha kusimulia, kwa hiyo akifika miaka minne anajibu kila kitu kwa Kiswahili, na wazazi wanasema ameikataa lugha. Hakupewa.

Ipeni lugha shughuli nzima isiyo na adhabu ndani yake. Kuoga, kupika na hadithi ya kulala zinafaa, kila siku, pasipo kubadilisha. Mtoto akijibu kwa Kiswahili usimsahihishe wala usihame. Rudia alichosema kwa lugha yako kisha endelea. Wazazi wa makabila mawili kila mmoja ashike yake, Kiswahili kitajileta chenyewe. Likizo ya wiki mbili kwa bibi inaamsha lugha iliyopo, haiwezi kuipanda. Na bila mtoto mwenzake wa rika moja wa kucheza naye, juhudi hupungua nguvu akianza shule, hivyo tafuteni familia mbili tatu za karibu.

Wanaohofia Kiingereza wakumbuke mradi wa Ife, Nigeria, ulioanza 1970. Watoto waliofundishwa kwa Kiyoruba miaka yote sita ya msingi, Kiingereza wakikisoma kama somo kwa walimu waliokimudu, hawakubaki nyuma.

Swali

Shikamooni. Kwetu waliobaki wakizungumza kwa ufasaha ni wazee wachache, wote wamepita miaka 75. Tuanze na tahajia au kamusi?

Anayerekodi

Marahaba. Acheni vyote viwili kwa sasa, rekodini. Tena msiwarekodi mmoja mmoja: waketisheni wawili wawili wanaojuana, muwaache waongee, kwa sababu mazungumzo yana viunganishi, utani na maswali ambayo simulizi ya mtu mmoja haina. Kila rekodi ya dakika kumi ipigwe tena polepole sentensi kwa sentensi, mzee mmoja airudie kwa matamshi ya wazi na mwingine aseme maana yake kwa Kiswahili, nanyi mrekodi marudio hayo. Kuandika kila neno huweza kula saa 40 au zaidi kwa saa moja ya sauti, na muda huo hamna. Marudio yakiwepo, mtu anaweza kuandika baadaye hata kama wazee hawapo. Anzeni na mwenye afya dhaifu zaidi, asubuhi, saa moja kwa siku isizidi.