Mota tatu za kiti haziungui asubuhi moja: malalamiko yangu kuhusu fundi wa umeme wa magari, Malindi

Assalaam aleikum wanajukwaa. Naandika nikiwa na hasira, kwa sababu nimelipa shilingi 18,000 kwa hitilafu iliyokuwa imejificha chini ya zulia la gari na ambayo ilihitaji kipande cha msasa tu.

Kiti cha dereva, ambacho husogezwa kwa umeme, kilikwama kikiwa kimerudi nyuma kabisa. Hakikwenda mbele, hakikupanda, wala mgongo wake haukuinuka, na mke wangu, ambaye ndiye anayewapeleka watoto shuleni, hakuweza kufikia breki hata akikaa ukingoni mwa kiti. Fundi alibonyeza swichi mara mbili, akasema mota imeungua, akaagiza kiti kizima cha mtumba kutoka Mombasa.

Mota ipi? Kiti hicho kina mota tatu, kila mwendo na yake. Ukifa mwendo mmoja, una haki ya kushuku mota yake au swichi. Ikizimika miendo yote kwa pamoja, mtu anayejua kazi huanza na vile ambavyo mota zote zinavitegemea, yaani fyuzi, plagi iliyo chini ya kiti na waya wa athi, ule unaofungwa kwenye chuma cha bodi ya gari ili umeme urudi kwenye betri. Yeye hakupima hata kimoja. Aling'oa fyuzi ya ampea 30, iliyokuwa nzima, akachomeka ya 40 ili, kwa maneno yake, kiti kipate nguvu. Fyuzi haiongezi nguvu! Kazi yake ni kukatika kabla waya haujashika moto, na waya wenyewe umepita chini ya miguu ya watoto wangu. Kisha akachomoa plagi ya manjano, ambayo ni ya mfuko wa hewa wa usalama, bila kutoa kwanza waya wa betri, na tangu siku hiyo taa ya onyo haijazimika.

Kiti cha mtumba kilipofungwa, nacho hakikusogea. Akanitaka nilipie swichi.

Nikaazima mita kwa jirani, nikapima mwenyewe kwenye plagi ya kiti. Swichi ikiwa haijabonyezwa, mita ilisoma volti 12. Nilipoibonyeza, zikaanguka hadi 3. Nikahamisha ncha nyeusi ya mita kutoka kwenye waya wa athi na kuigusisha chuma kitupu cha bodi, nikabonyeza tena, na volti 12 zikabaki palepale. Basi umeme ulikuwa unafika, ila haukuwa na njia ya kurudi. Nilipofunua zulia niliikuta boliti ya athi imevimba kwa kutu, na nyuzi za shaba zimekuwa kijani na kukatika nikizigusa, kwa kuwa mimi hubeba samaki na maji ya barafu yenye chumvi yamekuwa yakitiririka humo. Nikakata kipande kilichooza, nikasugua kwa msasa, nikafunga upya na kupaka grisi, nikarudisha fyuzi ya 30. Kiti kikaenda mbele.

Kiti changu cha awali, ambacho bila shaka kilikuwa kizima, fundi anadai amekwisha kukiuza, na pesa zangu amekataa kuzirudisha. Nazidai bado. Kwa sasa naomba kuelekezwa kwa fundi wa Malindi au Kilifi mwenye mashine ya kusoma hitilafu za mfuko wa hewa, ambaye hupima kabla ya kutaja bei.